Sura ya Saba: Kilichokaa na Mti

Kogo, nyanya yangu, hanywi kileo. Aliacha kabla sijazaliwa, na msimamo wake unaheshimiwa na kila anayeingia ua wetu hapa Lanet. Kwa hiyo Jumamosi ile jioni, mbuzi akiwa motoni na jua likishukia upande wa Mau, sikumkaribisha kunywa. Nilimwomba anuse tu. Ndani ya glasi mlikuwa na divai nyekundu ya Rioja, kaskazini mwa Uhispania, iliyofunguliwa saa moja iliyopita.

Akaisogeza puani. Akanyamaza. Akanusa mara ya pili akiwa amefumba macho, kama anayesikiliza hatua za mtu mlangoni.

"Mjukuu wangu," akasema, "hiki kimekaa na mti."

Mimi nilijua hivyo kwa sababu nilikuwa nimesoma kibandiko cha nyuma ya chupa. Yeye hakusoma kitu. Alichokuwa nacho ni pua iliyofunzwa tangu utotoni na kibuyu cha maziwa. Siku hiyo niliona wazi jambo ambalo nimeliandikia sura hii: sisi wa Bonde la Ufa si wageni wa kinywaji kilicholelewa na mti. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia kwamba ujuzi tulio nao unatosha kuanzia.

Wengi huogopa divai ya aina hii kwa sababu ya maneno yake. Hufungua kitabu, wakakuta matunda ya vichaka ambavyo havijawahi kuota Nakuru, wakadhani ulimi wao una upungufu. Hauna. Kila mwonjaji huonja kwa kumbukumbu za kwao. Tutumie zetu.

Kibuyu na pipa

Mursik huandaliwa hivi. Sotet, yaani kibuyu, huoshwa kwa maji moto na kusuguliwa ndani kwa sosiot, kijiti kirefu ambacho ncha yake imepondwa ikawa kama brashi. Kisha huchukuliwa tawi la senetwet, kichaka chenye maua ya manjano ambacho wataalamu wa mimea hukiita Senna didymobotrya. Likishashika moto na kuwa kaa, huingizwa kibuyuni na kusagwa kwenye kuta mpaka ndani pote pawe peusi. Maziwa yaliyochemshwa yakapoa humiminwa humo, kibuyu kikafungwa, na siku zikaachiwa kazi. Yanapotoka yameganda, yana rangi ya kijivu na uchachu safi, na nyuma ya uchachu huo kuna moshi mtamu ambao huwezi kuupata kwenye maziwa yaliyogandia sufuriani. Jirani zetu Wamaasai hufukiza vibuyu vyao kwa oloirien, mzeituni wa mwituni, na maziwa yao yakawa na harufu nyingine. Mwenye pua ya nyumbani hutofautisha mti na mti.

Elimu hiyo ni ya kale katika ardhi hii. Kwenye kilima cha Hyrax Hill, kati ya Lanet na mji wa Nakuru, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, yanaonekana mabonde madogo ya mviringo yanayoitwa mashimo ya Sirikwa, ambayo yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Mashimo kama hayo yalichimbuliwa Lanet kwenyewe, na wanaakiolojia wakaipa jina la Lanet aina ya vyungu vilivyonakshiwa kwa kubingirishiwa kamba iliyosokotwa. Watu wa hapa wamefuga, wamekamua na wamehifadhi maziwa kwa karne nyingi.

Sasa tazama pipa. Mti wake ni mwaloni, ule ambao msomaji wa Biblia anaujua kutoka mialoni ya Mamre, alikokaa Ibrahimu. Fundi huupasua kuwa mbao na kuziacha nje zinyeshewe na kuchomwa na jua, mara nyingi kwa miaka miwili au mitatu, mpaka ukali wa ubichi uishe. Kisha huzisimamisha kwa duara na kuwasha moto katikati. Moto huzilainisha zipinde, na wakati huohuo huchoma uso wa ndani. Kazi hiyo na ya kusaga kaa la senetwet kibuyuni ni ndugu: mti na moto vimekutana kabla kinywaji hakijaingia.

Pipa la kawaida la Rioja hubeba lita 225. Mwaloni wa Marekani, ambao watengenezaji wa huko wameupenda tangu zamani, hutoa harufu ya vanila na ya nazi iliyokunwa. Mwaloni wa Ufaransa ni mpole zaidi na huelekea kwenye karafuu na viungo vya pilau. Moto ukiwa mkali wakati wa kuunda pipa, divai hubeba moshi na kahawa iliyokaangwa. Tena mbao hupitisha hewa kidogo sana, siku baada ya siku, na hewa hiyo hutuliza ukali wa divai changa.

Neno pipa lenyewe tulilipata kwa Wareno, kama tulivyopata neno mvinyo. Walipoanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, mfalme wao alikuwa Philip wa Uhispania, kwa kuwa wakati huo mtu mmoja alizitawala nchi zote mbili. Lugha yetu imekuwa na pipa la watu wa rasi ile kwa zaidi ya miaka mia nne. Ni vyema hatimaye tujue kilichomo.

Zabibu nne katika chupa moja

Divai nyekundu ya Rioja kwa desturi ni mchanganyiko. Uti wa mgongo ni Tempranillo, zabibu ambayo jina lake limetokana na neno la Kihispania lenye maana ya "mapema", kwa kuwa huiva kabla ya nyingine. Hii huleta tunda jekundu na umbo la wastani. Garnacha huongeza unene na joto. Graciano, inayolimwa kwa uchache, hutoa manukato na uchachu unaoifanya divai iishi miaka mingi. Mazuelo huimarisha rangi na ukakasi. Si kila chupa ina zote nne, lakini sababu ya kuchanganya ni ileile ya mpishi wa githeri anayejua kwamba mahindi peke yake hayajazi sufuria kwa ladha.

Mtindo wa kulelea divai hiyo kwenye mapipa madogo ulishika katikati ya karne ya 19, wakati watu kama Luciano Murrieta na Marqués de Riscal walipoleta mbinu za Bordeaux. Baadaye mdudu aitwaye filoksera alishambulia mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, na wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka milima ya Pyrenees kutafuta divai ya kuuza. Mji wa Haro, wenye stesheni ya reli, ukastawi. Huko ndiko ilikoanzishwa nyumba ya López de Heredia mwaka 1877, na mpaka leo ina karakana yake yenyewe ya kuunda mapipa.

Ukisimama mbele ya rafu dukani, geuza chupa utazame kibandiko kidogo cha nyuma. Cha Crianza ni chekundu: divai imekaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa. Cha Reserva kina wekundu mzito kama wa divai yenyewe: miaka mitatu, angalau mmoja kwenye pipa. Cha Gran Reserva ni buluu: miaka mitano, miwili kwenye pipa na miwili kwenye chupa. Kwa anayeanza ningependekeza Crianza. Tunda bado lina nguvu na mti unasikika, kwa hiyo utawasikia wote wawili wakizungumza.

Nawe usiwasahau wa nyumbani. Ukishuka kutoka Lanet kwa barabara ya Nairobi utafika Naivasha, ambako kwenye shamba la Morendat hulimwa zabibu za divai ya Leleshwa, iliyopewa jina la kichaka cha majani ya kijivu kinachofunika miteremko yetu. Tanzania nayo ina Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Fundisha ulimi wako kwa chupa za pande zote. Ukiionja Rioja baada ya divai changa ya nyumbani, utajua mara moja pipa limeongeza nini.

Somo la turungi

Kitu kinachowasumbua wengi katika divai nyekundu ni ule mkwaruzo unaokausha ulimi na ufizi. Kiswahili kinauita ukakasi, neno lilelile tunalotumia kwa ndizi mbichi. Chanzo chake ni tanini, ambazo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na nyingine kwenye mti wa pipa.

Ili uzielewe huhitaji chupa. Chemsha majani ya chai mpaka yakolee sana, uyachuje kwenye vikombe viwili bila sukari. Kimoja kiache kiwe turungi, kingine kitie maziwa. Kunywa turungi kwanza. Ule ukavu unaoshika pande za ulimi ni tanini zikikamatana na protini za mate yako. Sasa kunywa chenye maziwa. Mkwaruzo umepungua, ingawa majani ni yaleyale, kwa sababu tanini zimekutana na protini za maziwa kabla ya kufika kwako.

Hapo umepata nusu ya siri ya kulinganisha divai na chakula. Maziwa yalivyoituliza chai ndivyo nyama inavyoituliza Rioja. Tanini hupata protini za kushika, chumvi hupunguza makali, nayo divai kwa uchachu wake hukata mafuta na kuacha kinywa kikiwa tayari kwa tonge jingine. Kila upande humfaa mwenzake.

Kuonja bila haraka

Divai ya namna hii hupendeza ikiwa na joto la nyuzi 16 hadi 18. Vitabu husema "joto la chumba", navyo vilikuwa vikifikiria vyumba vya Ulaya visivyo na joto jingi. Lanet iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na chumba chenye kivuli hapa jioni hukaribia kiasi hicho chenyewe. Mchana wa Februari ni jambo jingine. Zamisha chupa kwenye beseni la maji baridi kwa robo saa. Usiitunze juu ya friji wala karibu na jiko. Chini ya kitanda, ikiwa imelazwa, panatosha.

Fungua mapema, nusu saa hadi saa nzima. Kama ni Gran Reserva ya miaka mingi, isimamishe tangu jana yake ili mashapo yatulie chini, kisha mimina taratibu.

Jaza theluthi ya glasi, uishike kwenye shina. Iinamishe juu ya kitambaa cheupe na utazame ukingo. Divai changa ina ukingo wa zambarau. Iliyokaa inaanza kuwa na rangi ya tofali, kama udongo wa barabara ya ndani baada ya mvua. Rangi inakuambia umri kabla ulimi haujaulizwa.

Nusa kwanza bila kutikisa. Hapo ndipo tunda hujitokeza: plamu mbivu, forosadi, pengine zambarau iliyolainika kwenye jua. Kisha zungusha glasi mezani na unuse tena. Sasa mti hupanda: vanila ya mandazi, nazi, karafuu, mbao zilizorandwa leo, moshi wa mbali. Divai iliyokaa sana huongeza ngozi ya mkanda mpya, tumbaku kavu, majani yaliyolowa. Usipopata neno, tafuta mahali. Mgeni mmoja mezani kwetu alisema inanukia karakana ya seremala ambako babake alifanya kazi, na hakuna aliyeeleza vizuri zaidi ya hapo usiku ule.

Pua huzoezwa nyumbani bila gharama. Sugua jani la leleshwa vidoleni usikie kafuri yake. Nusa mbao ya mwerezi karibu na ya msonobari. Fungua mkebe wa karafuu, kisha wa iliki, macho yakiwa yamefumbwa. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja, halafu urudi kwenye glasi. Utashangaa ni mangapi yalikuwamo muda wote.

Ndipo uonje. Chukua funda dogo, ulizungushe kinywani, uvute hewa kidogo juu yake. Jiulize mambo manne kwa zamu. Je, mate yanatiririka pembeni mwa ulimi? Huo ni uchachu. Je, ufizi unakauka? Huo ni ukakasi. Je, koo linapata joto? Hicho ni kileo, ambacho kwa Rioja mara nyingi huwa asilimia 13 hadi 14. Na baada ya kumeza, ladha inakaa kwa muda gani? Hesabu polepole. Divai njema haikimbii.

Mezani Lanet

Hapa ni mahali pa nyama. KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, lina kituo chake cha ng'ombe wa nyama hapahapa Lanet, na mwisho wa wiki moshi wa majiko ya choma husikika tangu barabara kuu. Bila kusafiri, tunakula chakula kinachofanana sana na cha wenyeji wa Rioja. Wao huchoma mbavu ndogo za mwanakondoo juu ya matawi yaliyokatwa kwenye mizabibu, kwa chumvi tu. Sisi huchoma mbuzi na kondoo juu ya makaa, kwa chumvi tu. Wao hupika viazi na soseji ya nyama ya nguruwe iliyotiwa paprika. Sisi tuna viazi vya Molo na Mau Narok.

Anza na mbavu za kondoo. Mafuta yake ni mengi, na ndiyo yanayohitaji ukakasi wa Crianza. Mbuzi ana nyama kavu zaidi, basi mwombe mchomaji akuachie ngozi ya mafuta upande mmoja, na asiikaushe mno. Iliyoungua huleta uchungu, na uchungu ukikutana na mti wa pipa huongezeka.

Mutura ni mwenzi ambaye wengi hawamfikirii. Damu, vitunguu, dhania na moshi hukutana na Tempranillo kama watu wa ukoo mmoja. Wahispania nao wana soseji ya damu, morcilla, na huinywea divai hii.

Mchuzi wa ng'ombe uliopikwa taratibu unafaa kwa Reserva. Kwenye mwinuko wetu maji huchemka kwa nyuzi karibu 94, kwa hiyo nyama ya kongoro na mkia hutaka saa za ziada. Ipe saa hizo. Ule uzito unaonata midomoni ndio unaoipokea divai iliyokomaa. Mukimo na ugali huja kama uwanja mtulivu: havishindani na mtu, na husafisha kinywa kati ya funda na funda.

Kachumbari hutaka uangalifu. Pilipili huwasha kileo na ukakasi kwa pamoja, na ndimu nyingi huifanya divai ionekane bapa. Punguza pilipili, tia nyanya zilizoiva na chumvi. Managu ni tamu kwangu kuliko mboga zote, lakini uchungu wake na wa mti hugombana. Iandae kwa maziwa ya mgando au krimu kama wafanyavyo Wakalenjin, na ugomvi utapoa. Samaki wa Naivasha na omena wape kinywaji kingine, kwa kuwa divai nyekundu huacha ladha ya chuma baada yao. Na mursik yenyewe usiinywe pamoja na Rioja. Uchachu wa maziwa na ukakasi wa zabibu hukataana. Kila kimoja kipewe saa yake.

Kuhusu saa, sheria ya vileo ya mwaka 2010, inayojulikana kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ilitufundisha kuuliza ni wakati gani na kwa nani. Chupa moja ya lita 0.75 inatosha watu wanne au watano kuonja vizuri wakiwa na chakula na maji mezani. Anayeendesha gari anuse, ateme, arudi nyumbani salama. Waonjaji wa kazi hutema kila siku na hakuna anayewashangaa.

Asubuhi yake

Jumapili ile niliamka nikakuta glasi zimebaki juu ya meza uani, zimekauka, kila moja ina duara dogo jekundu chini. Kogo alikuwa ameketi kando ya jiko, sotet magotini, tawi la senetwet likishika moto. Aliniona nikikusanya glasi za kuosha.

"Hebu nipe moja," akasema.

Aliinusa kwa muda mrefu. Kisha akanirudishia ninuse mwenyewe. Plamu zilikuwa zimekwenda zake, na kileo kilikuwa kimepaa usiku. Kilichobaki ukutani mwa glasi ni vanila, moshi na mbao, vikiwa vimesimama peke yao bila tunda la kuvifunika. Nilikuwa nimeonja divai kwa miaka kadhaa, na sikuwahi kufikiri kuinusa glasi tupu.

Kogo akaliingiza kaa kibuyuni na kuanza kusugua kwa sosiot. "Kinywaji huisha," akasema, "lakini chombo kinajua." Akaniinulia sotet karibu na uso, moshi bado ukitoka, ili ninuse na cha kwake.